Namna ya Kupata Digrii ya Marekani kwa Bei Nafuu Bila Kusoma Darasa Moja na Paka

Mwaka 2004 paka mweusi mwenye umri wa miaka 6, mkazi wa Pennsylvania, alitunukiwa shahada ya uzamili ya utawala wa biashara. Jina lake Colby Nolan. Alifugwa na mmoja wa manaibu wa mwanasheria mkuu wa jimbo hilo, na ofisi yao ilikuwa inaichunguza biashara moja ya Texas iliyojiita Trinity Southern University. Wachunguzi wakamwombea paka digrii ya kwanza kwa dola 299. Kwenye sehemu ya uzoefu wakajaza kwamba mwombaji amewahi kulea watoto na kusimamia duka. Chuo kikapitia wasifu huo, kikaridhika, kikajibu kwamba mtu wa kiwango hicho anastahili uzamili kabisa, aongeze dola 100 tu. Akalipiwa. Cheti kikaja, na transkripti ikaja na orodha ya masomo aliyofaulu na wastani wa 3.5.

Namtaja Colby kwa sababu wapo ndugu zetu waliolipa pesa nyingi kuliko zake wakapata karatasi isiyoizidi yake hata chembe. Si wajinga na si matapeli. Ni msaidizi wa wauguzi anayepiga zamu ya usiku Columbus, ni dereva wa lori Houston, ni kijana anayebeba boksi kwenye ghala huku ana watoto wawili nyumbani na saa moja tu ya kupumua kwa siku. Anaitaka digrii, hana muda wa kwenda darasani, ada ya chuo kikuu hawezi kuigusa, na simu yake inamletea tangazo kwamba digrii yake iko tayari, imebaki kulipia. Mtu huyo ananiuma sana, maana digrii ya kweli ambayo mshahara wake unaimudu ipo, na iko hukohuko mtandaoni. Anachokosa ni mtu wa kumwambia aingilie mlango gani kwanza. Mwongozo huu ni wake, hata kama tutacheka njiani.

Kipimo cha paka

Kabla hujauliza ada ni kiasi gani, uliza hivi: chuo hiki kingemdahili paka? Swali linachekesha, lakini linajibika, na unaweza kulijibu mwenyewe kwa dakika kumi bila kumlipa mtu.

Marekani haina tume moja ya serikali inayotoa ithibati kwa vyuo vyote kama TCU ya Tanzania au CUE ya Kenya. Ithibati hutolewa na mashirika binafsi, kisha Wizara ya Elimu ya serikali kuu huyatambua mashirika hayo. Kwa hiyo chuo kikikwambia kina ithibati, bado hakijakwambia kitu. Kiulize imetolewa na nani, halafu uulize huyo aliyeitoa anatambuliwa na nani. Matapeli walishagundua zamani kwamba anayeweza kubuni chuo jioni anaweza kubuni na shirika la ithibati kabla ya kulala.

Majina yenye uzito ni machache na inafaa uyazoee: Higher Learning Commission, Middle States, SACSCOC, NECHE, Northwest Commission na WSCUC. Hayo ni miongoni mwa yaliyokuwa yakiitwa mashirika ya kanda mpaka mwaka 2020, na vyuo vikuu vinavyojulikana karibu vyote viko chini yake. Lipo pia DEAC, linaloshughulikia elimu ya masafa. Nalo linatambuliwa na Wizara, ila vyuo vingine husita kupokea krediti za vyuo vyake, na ni vizuri ulijue hilo mapema. Wizara ina kanzidata ya bure iitwayo DAPIP. Ingia, andika jina la chuo, tazama linatokea chini ya shirika gani.

Andika herufi kwa herufi. Mwezi Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistani, iliyokuwa ikiendesha mamia ya tovuti za vyuo hewa vyenye majina kama Barkley na Columbiana. Soma majina hayo kwa haraka ukiwa umetoka zamu ya usiku na utaapa kwamba ni Berkeley na Columbia. Picha zilikuwa za kuvutia, maprofesa walitabasamu, na wauzaji walikuwa macho saa 24. Mteja aliyekwisha nunua digrii alipigiwa simu tena auziwe na uthibitisho wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani wenye sahihi ya waziri, ambaye wakati huo alikuwa John Kerry. Muhuri wa aina hiyo husema tu kwamba sahihi na muhuri vilivyo juu ya karatasi ni halali. Hausemi kwamba mwenye karatasi alisoma.

Anwani inayoishia na .edu nayo si kinga kamili. Tangu mwishoni mwa 2001 hutolewa kwa taasisi zenye ithibati inayotambuliwa, lakini waliokuwa nazo kabla ya hapo waliachiwa.

Kuna dalili nyingine isiyohitaji kompyuta. Chuo cha kweli kitakusumbua. Kitataka transkripti ya sekondari ije moja kwa moja kutoka inakotoka, kitaikataa picha uliyopiga kwa simu, kitakudai uthibitisho wa Kiingereza, kitakuandikia kwamba fomu yako haina tarehe. Utanuna. Nuna, lakini usikikimbie, kwa sababu usumbufu huo ndio unaoipa digrii thamani. Chuo kinachokupongeza kwa kudahiliwa kabla hujatuma hata cheti kimoja kimempongeza na paka.

Krediti na hesabu yake

Shahada ya kwanza ya Marekani ni krediti 120 kwa kawaida. Krediti moja ni kama saa moja ya darasani na saa mbili za kujisomea kila wiki, kwa wiki 15 hivi. Somo la kawaida lina krediti 3. Tanzania hesabu ni nyingine: krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Kwa hiyo mtu wa Morogoro mwenye krediti 120 za mwaka wa kwanza asije akadhani amemaliza digrii ya Kimarekani. Ni kama shilingi na dola, namba haikwambii kitu mpaka ujue ni ya wapi.

Kati ya hizo 120, sehemu kubwa ni masomo ya jumla: uandishi, hisabati, sayansi ya jamii, historia, sayansi asilia. Kila chuo kinayataka na yote yanafanana. Hapo ndipo penye nafuu, kwa sababu vyuo vingi binafsi hutoza zaidi ya dola 1,000 kwa krediti moja, na somo lilelile la sosholojia ya utangulizi unaweza kulifanyia mtihani kwingine kwa dola zisizofika 100 ukapewa krediti zilezile 3.

Anzia mwisho

Kama utasahau kila kitu humu, shika hili: krediti haina thamani mpaka chuo kitakachokupa digrii kikubali kuipokea. Watu wengi wanakusanya kwanza, wanatafuta chuo baadaye. Wanajiunga na kila kozi ya bei poa, wanajaza folda za vyeti vyenye nembo za kupendeza, kisha wanabisha hodi chuoni na kuambiwa nusu yake haihesabiki. Ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani, GAO, ilitoa ripoti mwaka 2017 ikikadiria kwamba wanafunzi waliohama chuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza asilimia 43 ya krediti zao. Hao walikuwa wanafunzi wa vyuo halisi, waliokaa madarasani. Fikiria anayekusanya kwa kubahatisha.

Kwa hiyo chagua chuo cha mwisho leo, hata kama utajiunga nacho baada ya mwaka mzima. Vyuo vitatu vinajulikana sana kwa wasomi wa namna hii, na vyote vilianzishwa kwa ajili ya watu wazima wenye kazi. Excelsior ya New York ilianza mwaka 1971, Thomas Edison ya New Jersey ikafuata mwaka 1972, na Charter Oak ya Connecticut mwaka 1973. Tangu mwanzo msimamo wao ulikuwa kwamba mtu aliyejifunza kitu apewe krediti yake, awe alijifunzia jeshini, kazini au mezani kwake usiku. Vyuo vingi vya kawaida hudai angalau krediti 30 zisomwe kwao. Hivi vitatu hukubali sehemu kubwa sana ya digrii itoke nje na kukubakizia kozi chache za kwao, ikiwemo ile ya kufungia.

Kipo pia Western Governors, kilichoanzishwa mwaka 1997 na magavana wa majimbo ya magharibi. Chenyewe kina mtindo wake: unalipa ada moja kwa muhula wa miezi 6, takriban dola 4,000 kwa programu nyingi za shahada ya kwanza, na ndani ya muhula huo unamaliza masomo mengi kadiri unavyoweza kuthibitisha kwamba umeyajua. Kwa mtu mwenye nidhamu na aliyekwisha fanya kazi ya fani hiyo miaka kadhaa, sijaona mpango unaomtendea haki zaidi. Kwa mtu anayehitaji kusukumwa kila wiki, ada hiyo itaisha na kozi mbili tu.

Ukishachagua, fungua katalogi ya chuo na uchapishe mahitaji ya programu yako kwenye karatasi. Karatasi kweli, ibandikwe jikoni. Tafuta mambo matatu: wanapokea krediti ngapi kutoka nje, ngapi lazima zisomwe kwao, na ngapi lazima ziwe za ngazi ya juu. Hilo la tatu limeliza watu wazima. Mitihani na kozi nyingi za bei nafuu ni za ngazi ya mwaka wa kwanza na wa pili. Mtu anafika na krediti 90 za ngazi ya chini, amechoka, anajiona amebakiza 30, kumbe chuo kinahesabu 60 tu kati ya zile na zilizobaki zimeingia kwenye kundi la ziada lisilompeleka kokote.

Kisha mwandikie mshauri wa udahili na umuulize somo kwa somo. Atakupigia simu, maana wanapenda simu. Zungumza naye kwa adabu, mshukuru, halafu umwombe ayaweke hayo kwenye barua pepe. Mshauri mwema atahama kazi mwezi ujao na maneno yake ya simu yatahama naye, ila barua pepe itabaki kwako.

Sokoni

Sasa ndiyo uanze kununua, ukiwa na orodha mkononi.

Bidhaa ya zamani na ya kuaminika ni mtihani wa CLEP, unaoendeshwa na College Board tangu mwaka 1967. Ipo mitihani 34, kuanzia aljebra hadi utangulizi wa saikolojia, na mingi ni ya kuchagua jibu kwa muda wa dakika 90 hivi. Alama huanzia 20 hadi 80, na kwa kawaida inayopendekezwa kuwa ufaulu ni 50. Ukianguka unangoja miezi mitatu kabla ya kuurudia, na wala hakuna anayelazimika kujua kwamba ulianguka. Ada yake haifiki dola 100, na hata hiyo unaweza usiilipe: taasisi ya hisani ya Modern States ina kozi za bure za kujiandaa, na ukimaliza kozi yao inakulipia mtihani. Nimewahi kuwaambia watu jambo hili wakanitazama kama nauza mbuzi kwenye gunia. Si mbuzi. Ni masomo ya bure kwa anayekubali kukaa akasoma.

Ukifanyia mtihani nyumbani, jua kwamba msimamizi atakuona kwa kamera na atakutaka uizungushe chumba kizima. Watoto wapelekwe kwa shangazi yao. Kitenge ulichotundika ukutani hakina shida, mtu akipita nyuma yako ana shida.

Bidhaa ya pili ni kozi za kampuni kama Sophia, StraighterLine na Study.com. Unalipia kwa mwezi, unasoma kwa kasi yako, unafanya majaribio. Sikiliza vizuri hapa. Kampuni hizi si vyuo na hazina ithibati ya chuo. Kilichopo ni kwamba American Council on Education, baraza lililoanzishwa mwaka 1918 na ambalo limekuwa likipima mafunzo ya wanajeshi tangu enzi za Vita Kuu ya Pili, huzikagua kozi zao na kupendekeza vyuo vizipe krediti kadhaa. Ni pendekezo, wala si amri. Chuo kimoja hupokea kozi 20 za Sophia kwa furaha na jirani yake asipokee hata moja. Ndiyo maana nimekutuma kuandika barua pepe kabla hujaja sokoni.

Na kwa sababu unalipia kwa mwezi, usijiunge Desemba wakati unajua utakuwa kwenye harusi mbili na msiba. Jiunge mwezi ambao zamu zako zimepungua, maliza unachoweza, ujitoe. Wenye kampuni hawatakukumbusha kujitoa.

Bidhaa ya tatu karibu hakuna anayeitangaza kwetu, nayo tumezaliwa nayo. Ni Kiswahili. Shirika la ACTFL lina mtihani wa kuzungumza uitwao OPI, unaofanyika kwa simu katika lugha nyingi na Kiswahili kimo. Baraza lile lile hupendekeza krediti kwa matokeo yake rasmi, kulingana na kiwango ulichofikia. Mtahini anakupigia, mnazungumza dakika 15 hadi 30, mazungumzo yanarekodiwa. Anaanza na salamu na mambo ya nyumbani kwako. Kisha anapandisha: nisimulie tukio lililokukuta kazini, likaanza vipi, likaishaje. Katikati anakupa igizo, labda umefika mahali mambo yameharibika na inakubidi ujieleze kwa mhudumu. Akiona unaweza, anakuingiza kwenye hoja nzito: serikali ifanye nini kuhusu jambo fulani, na anayekupinga ungemjibuje.

Hapo ndipo wenye lugha yao huanguka. Mtu aliyekulia Ilala au Likoni anajibu hoja ya mwisho kwa Kiswahili robo na Kiingereza robo tatu, kwa sababu huko ughaibuni ndivyo tunavyozungumza tukitaka kuonekana tunafikiri. Mtahini anapima Kiswahili. Akiuliza juu ya uchumi, anataka kusikia mfumuko wa bei, ajira, kodi, mikopo, vikitoka mdomoni mwako bila kukwama. Wiki mbili kabla ya mtihani sikiliza taarifa ya habari ya Kiswahili kila siku, na ubishane na mtu kuhusu siasa bila kuchomeka neno la kigeni. Ukiona unashindwa, hujachelewa, endelea kubishana. Kuna vyuo visivyompa krediti mtu kwa lugha yake ya kuzaliwa, basi uliza kwanza. Lakini kinachokubali kinakupa krediti kwa lugha uliyofundishwa na mama, na sioni kwa nini Mmarekani aliyesoma Kiswahili mihula miwili azipate wewe uzikose.

Ya nne ni ile uliyokwisha soma. Kama ulianza shahada Dodoma, Makerere au Nairobi ukaikatisha viza ilipotoka, masomo yale hayajafa. Yapo mashirika ya kutathmini vyeti vya nje, wanachama wa NACES, WES ikiwa mojawapo. Waombe tathmini ya somo kwa somo. Ile ya jumla ni ya bei ndogo na haitakusaidia kuhamisha krediti. Kazi ngumu ni kuipata transkripti kutoka nyumbani ikiwa kwenye bahasha iliyofungwa na muhuri. Tafuta ndugu mvumilivu, mpe nauli na barua ya kumruhusu akuchukulie, na usimtume siku ya mahafali.

Chuo cha mtaani kwako

Mtandao umetufanya tuvidharau vyuo vya jamii, vile vya miaka miwili vilivyoenea kote Marekani. Vingi vinafundisha mtandaoni, vina ithibati nzito, na vina makubaliano ya maandishi na vyuo vikuu vya jimbo kuhusu krediti gani itapokelewa. Kwa mwenye kipato kidogo, huenda ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote, kwa sababu ya ruzuku ya Pell. Mwaka wa masomo 2024/25 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395, na hairudishwi kama mkopo. Unaiomba kwa fomu ya bure ya FAFSA.

Wakongo waliotoka kambi ya Nyarugusu na wengine waliopelekwa Marekani kama wakimbizi wanasikia kwamba msaada huo ni wa raia tu. Si kweli. Mkimbizi anastahili kuomba, aliyepewa hifadhi anastahili, na mwenye kadi ya kijani anastahili. Ukimjua mmoja, mwambie leo. Ila Pell hailipii CLEP wala Sophia, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kuamua uanzie wapi.

Aliyeko Arusha, Bukavu au Mombasa na hana mpango wa kuhama anaweza kukitazama University of the People, kilichofunguliwa mwaka 2009 na Shai Reshef. Hakitozi ada ya mafunzo, kinatoza ada za maombi na za tathmini kwa kila kozi. Kilipata ithibati ya DEAC mwaka 2014.

Usisomee uuguzi kwa tangazo

Fani zenye leseni zina mlinzi wa pili mlangoni. Uuguzi, ualimu na uhasibu vinasimamiwa na bodi ya kila jimbo, na bodi haijali chuo kina ithibati nzuri kiasi gani kama programu yenyewe haikuidhinishwa. Kwa uuguzi tafuta programu yenye ithibati ya ACEN au CCNE, kisha uiulize bodi ya jimbo unakotaka kufanyia kazi. Ndugu zetu wengi wako kwenye kazi za kuhudumia wagonjwa na wazee, na wanaowinda pesa zao wanalijua hilo.

Ikiwa utarudi nayo nyumbani

Digrii ya mtandaoni ikitua Dar es Salaam au Nairobi itakutana na ofisi. Tanzania ni TCU inayotambua tuzo za nje; Kenya ni CUE. Watauliza chuo kilikuwa na ithibati huko kwao, watataka transkripti, watataka na vyeti vyako vya nyuma. Usitegemee huruma kwamba umetoka mbali. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti vya sekondari na ualimu wa watumishi wa umma Tanzania ulitoa orodha ya watu 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Tangu hapo karatasi yoyote inayonukia feki hukaguliwa mara mbili, na mtu wako wa ndani hatakusaidia.

Kwa hiyo kama una nia ya kurudi, waandikie kabla ya kujiunga, uulize wanakichukuliaje chuo hicho na usomaji wa mtandaoni. Na kama lengo lako ni kufanya kazi nyumbani maisha yako yote, sioni haya kukwambia usihangaike na Marekani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimeanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake Agosti 2023, na digrii za vyuo hivyo hazihitaji kutambulishwa kwa mtu.

Nina ombi kwa waliokwisha maliza. Mna ile karatasi ya masomo 40 yenye alama za vema, mna barua pepe za washauri, mnajua chuo gani kilikubali kozi ipi na mwaka gani. Wengi mmeikunja mkaiweka na cheti. Itoeni. Baada ya sala ya Ijumaa au ibada ya Jumapili, kwenye kikao cha chama cha jumuiya yenu, simama dakika tano uwaambie watu ulilipa kiasi gani na ulianzia wapi. Pembeni yako ameketi mtu aliyeshika simu, tangazo liko mbele yake, na kadi ya benki iko mkononi.